Umaskini Wenye Karatasi

Msikilizaji wa Same mjini, wa Hedaru na Makanya, na wewe uliye juu kule Chome, Vunta na Mamba Miamba ambako mawimbi yetu hufika yakiwa yamechoka, leo nataka tuzungumze kuhusu mkopo wa chuo, na nitaongea zaidi na wazazi kuliko vijana.

Mtihani wa kidato cha sita huisha mwezi Mei, na nyumba nyingi za Upare hupumua. Kijana amemaliza. Michango ya shule imekoma, sare zimekunjwa. Muda si mrefu anaitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, anaondoka na begi lake. Na ni katika kipindi hichohicho, kuanzia Juni hivi, ambapo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa kawaida hufungua dirisha la maombi. Sasa tazama hali ilivyo. Siku ambazo karatasi zinatakiwa, mwenye karatasi yuko kambini anakimbia mchakamchaka, simu yake imefungiwa kabatini nyumbani, na baba yuko shambani akijiambia kwamba mkopo ni habari ya kusubiri matokeo yatoke Julai.

Si habari ya kusubiri matokeo. Maombi hufanywa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, na namba hiyo kijana anayo tangu miaka miwili nyuma. Anayesubiri Julai ndipo aanze kutafuta cheti cha kuzaliwa atalikuta dirisha linakaribia kufungwa na steshenari zote za Same zimejaa vijana wenye haraka kama yake.

Niseme kwanza kitu chenyewe ni nini, maana huku kwetu watu wengi hukiita msaada. Wazee waliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1970 watakuambia serikali iliwalipia karibu kila kitu. Hilo liliisha. Miaka ya mwanzo ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mwaka 1994 serikali ikaanza kukopesha wanafunzi. Mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo, nayo Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Kwa hiyo ni deni, na deni hulipwa. Nitalifikia.

Bodi haina fedha za kumpa kila aliyefaulu, kwa hiyo inapima. Inauliza nani mhitaji zaidi: yatima, mwenye ulemavu, mtoto wa mzazi mwenye ulemavu, mtoto wa kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini, mtoto wa mzazi asiye na kipato cha maana. Inatazama pia kozi gani mtu anakwenda kusoma. Kisha inagawa kwa asilimia. Mmoja hupata asilimia mia, mwingine sitini, mwingine hapati kitu. Kanuni hiyo ni nzuri na sina ugomvi nayo. Shida yangu ni kipimo chenyewe, na hapo sisi watu wa mlimani tuna historia.

Wenye umri mkubwa wanajua mbiru. Mwaka 1942 na 1943 utawala wa Upare, chini ya wakoloni wa Kiingereza, ulianzisha kodi hiyo, ambayo kila mtu alipangiwa kwa kukadiriwa mali yake, juu ya ile ya kichwa iliyokuwapo. Machifu na wasaidizi wao wakawa ndio wa kusema fulani ana uwezo kiasi gani. Januari 1945 watu kwa maelfu wakashuka kutoka milimani wakaja hapa Same, wakapiga kambi kwenye boma, wakakataa. Wanawake nao waliingia, hasa kule Usangi. Mapambano yakaendelea hadi kodi ile ikaondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1971. Ukiisoma habari ile utaona kwamba watu hawakuwa wanakataa kulipa kodi kwa sababu ni kodi. Walichokataa zaidi ni kupimwa kwa kipimo wasichokielewa, na mtu asiyeweza kuonyesha alivyofikia hesabu yake.

Miaka themanini baadaye tunapimwa tena, safari hii kwa kuomba wenyewe. Anayepima yuko Dar es Salaam, hajawahi kupanda bodaboda kutoka Kisiwani kwenda Gonja, na hawezi kuja kukuangalia. Anaona kilicho kwenye mfumo tu. Shamba lako la tangawizi lililopigwa na bei mbaya halimo kwenye mfumo. Mama anayelea watoto watano kwa kuuza ndizi mnadani hayumo. Kilichomo ni cheti, namba, muhuri. Nasema bila kuficha: mkopo huu hauendi kwa aliye maskini zaidi. Unaenda kwa maskini mwenye karatasi. Na mtu wa mlimani, ambaye babu yake aliandamana kwa sababu ya kupimwa vibaya, safari hii akipimwa vibaya hana wa kumwandamia, maana nusu ya vielelezo alitakiwa avilete mwenyewe.

Tuzitazame basi hizo karatasi, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wanapoangukia.

Cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa, ambacho lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili. Wengi wanacho, lakini kina jina gani? Sisi Wapare tuna majina ambayo kila karani huyaandika kwa sikio lake. Mmbaga huyu, Mbaga yule, na ni mtu mmoja. Kwenye cheti cha kuzaliwa mtoto ni Mmbaga, shule ya msingi wakamwandika Mbaga, cheti cha kidato cha nne kikatoka Mbaga. Kanisani alibatizwa Eliakunda, shuleni akapenda kuitwa Elia. Kila mtu kijijini anajua ni yuleyule. Mfumo haujui. Unaona watu wawili, na maombi yanakwama. Dawa yake ni hati ya kiapo kwa wakili au hakimu, na marekebisho kwa wahusika, mambo yanayochukua wiki kadhaa na nauli za kushuka Same mara kwa mara. Mtoto akiwa kidato cha pili, kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, jina hurekebishwa kwa mazungumzo na mkuu wa shule. Akishafanya mtihani, kulirekebisha kumekuwa mradi.

La pili ni zito zaidi. Yatima. Baba alifariki mwaka fulani huko Bwambo au Mtii, akazikwa nyumbani kwake kwa heshima zote, watu wakalia, maiti ikasitiriwa. Nani alikwenda kusajili kifo? Mara nyingi hakuna. Hapakuwa na mirathi ya kugombania, hapakuwa na pensheni, basi cheti cha nini? Miaka kumi baadaye mtoto anajaza fomu, anaandika kwamba baba ni marehemu, na mfumo unamtaka alete cheti cha kifo kilichohakikiwa. Hana. Kwa macho ya kijiji kizima ni yatima, kwa macho ya Bodi ana baba. Usajili uliochelewa unawezekana. Ofisi ya msajili wa vizazi na vifo iko kwenye makao ya wilaya, na utatakiwa kupeleka ushahidi na barua kutoka kijijini. Lakini usiende kufanya hivyo Agosti. Nenda mwaka ambao mtoto yuko kidato cha tatu, au mwaka uleule wa msiba. Najua si adabu kuzungumzia vyeti msibani. Basi mngoje arobaini ipite, kisha mjomba mmoja apewe jukumu hilo kama vile mwingine alivyopewa la kununua sanduku.

Nimewahi kuambiwa na mzee mmoja kwamba kusajili kifo cha ndugu yake ni kumwua mara ya pili. Nilimwelewa. Lakini anayesomeshwa ni mtoto wa huyohuyo ndugu.

Kuna TASAF. Kaya zilizomo kwenye mpango ule zilitambuliwa kuanzia kwenye mkutano wa kijiji, na zina namba. Mtoto wa kaya hiyo anapojaza namba hiyo kwa usahihi, hali yake inathibitika kwa njia rahisi kuliko ya wengi. Ajabu ni kwamba wako vijana wanaoona haya kuiandika. Wanaficha kwamba mama yao hupokea ruzuku, kisha wanashangaa wamepewa asilimia thelathini. Kijana, hiyo namba si aibu. Ni kielelezo chenye nguvu kuliko machozi.

Na kuna mtego wa shule binafsi. Tuseme binti alifaulu vizuri darasa la saba, padri au mchungaji au mfadhili fulani akamlipia shule ya binafsi miaka minne. Bodi ikiona jina la shule hiyo, inauliza: aliyemudu ada hizi anahitaji mkopo wa nini? Swali la haki kabisa. Jibu lake ni barua ya mfadhili inayothibitisha kwamba yeye ndiye aliyelipa. Wafadhili hurudi kwao, mapadri huhamishwa, wengine hufariki. Barua hiyo iombwe siku ya mahafali, siyo miaka miwili baadaye.

Fomu yenyewe, baada ya kujazwa mtandaoni na kulipiwa ada ya shilingi 30,000, huchapishwa, ikasainiwa na mwombaji na mdhamini, ikapita kwa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na kwa hakimu au wakili, halafu ikapandishwa tena kwenye mfumo. Shilingi 30,000 kwa mtu wa Mamba si pesa ndogo, na ukijumlisha nauli, uchapaji na kiapo, kuomba kuitwa maskini kunakuwa na gharama yake. Angalia sana ukurasa usikosekane, saini isikosekane, picha ya cheti isiwe na kivuli cha kidole cha mwenye steshenari. Na msimpe mtu wa steshenari neno la siri la akaunti kisha mkaondoka. Ameshajaza fomu mia moja wiki hiyo. Ya kwako ni ya mia moja na moja.

Hapo kwa viongozi wa vijiji nina neno. Muhuri wako, mwenyekiti, siyo wa kuwasaidia ndugu. Unapomthibitishia mtoto wa mfanyabiashara wa pale stendi kwamba wazazi wake hawana uwezo, hujamsaidia bure. Fungu la Bodi lina mwisho. Asilimia aliyopata huyo imetoka kwa mtoto wa kitongoji cha juu ambaye mama yake hakujua njia ya ofisini kwako. Huo ni wizi, hata kama hakuna hela iliyopita mikononi mwako.

Jambo hili la kupimwa, wenzetu Kenya wamelionja kwa ukali. Mwaka 2023 walianzisha mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo kwa kuwagawa kwenye makundi kulingana na uwezo wa kaya. Mwaka uliofuata kelele zikawa kubwa kutoka kwa wanafunzi waliojikuta wamewekwa kundi la wenye uwezo na wazazi wao hawana kitu, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema mfumo ule unakwenda kinyume na Katiba. Kupima umaskini kwa kompyuta ni kazi ngumu kila mahali.

Matokeo ya upangaji hutoka kwa awamu. Jina lisipokuwamo awamu ya kwanza, usiuze ng'ombe wala kumwambia mtoto arudi kulima. Ngoja awamu zinazofuata, kisha kuna dirisha la rufaa, na rufaa hushinda kwa kielelezo kipya. Kuandika barua ndefu ya kulalamika bila cheti kilichokosekana mwanzo ni kupoteza muda.

Akipata, anapata nini? Ada au sehemu yake, pesa ya vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya kitivo kwa baadhi ya kozi, na ile inayojulikana zaidi, pesa ya chakula na malazi, ambayo kwa miongozo ya karibuni ni hadi shilingi 10,000 kwa siku. Wanafunzi huiita boom. Hutolewa kwa mafungu, na mwanafunzi asiposaini kwa wakati, inarudi. Mzazi, elewa kwamba boom ikichelewa mtoto wako atakupigia simu, na hatakuwa anadanganya. Elewa vilevile kwamba ikitoka, kwa wiki mbili atakuwa tajiri kuliko wewe. Kijana wa Suji ambaye hajawahi kushika laki tano kwa mkono mmoja anaweza kununua simu siku ya kwanza na kula mihogo mwezi mzima. Zungumza naye hilo kabla hajapanda basi, si baada.

Aliyepata asilimia sitini ya ada ana arobaini za kutafuta, na hapo ndipo ukoo unaitwa. Naomba ukoo uitwe mapema, na uambiwe hesabu kamili ya miaka yote mitatu au minne. Tumezoea kuchangia mwaka wa kwanza kwa shangwe, mwaka wa pili kwa kunung'unika, mwaka wa tatu simu hazipokelewi.

Sasa deni. Miaka miwili baada ya kumaliza chuo marejesho yanaanza. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kiwango hiki kilipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8, na wengi hapa wanakumbuka kilio chake. Mwaka 2021 serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na ile adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa nayo ikafutwa. Kwa hiyo anayekopa leo anakopa kwa masharti mepesi kuliko kaka yake. Na ninyi mliosoma kwa mkopo mkajiajiri, mkajenga Same na Moshi, mkakaa kimya kana kwamba hamjulikani: Wapare tunajua ndiva, lile bwawa la kumwagilia. Maji hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Anayeziba mfereji wake baada ya kumwagilia, akaacha bwawa bila kulijaza kwa zamu yake ya kazi, wa chini yake hulala njaa. Marejesho yenu ndiyo yanayomkopesha mtoto wa mwaka huu.

Nigusie haraka njia nyingine mbili. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kuna ufadhili unaoitwa Samia, kwa waliofaulu kwa viwango vya juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita, na huo haurejeshwi. Ni mzuri, lakini unatuza alama, na alama za sayansi hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye shule yenye maabara kuliko shule ya kata ambako mwalimu wa fizikia ni mmoja au hayupo. Pili, tangu 2023/24 mikopo imefunguliwa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwamo za afya, ualimu na ufundi wa aina kadhaa. Wengi hawajasikia. Kijana ambaye hakwenda kidato cha tano asidhani mlango umefungwa.

Kitu ninachotamani tungekuwa nacho kiko mbali sana, jimbo la New York kule Marekani. Vyuo vikuu vya umma vya jimbo lile, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, vina programu ya fursa za elimu kwa watoto wa familia za kipato cha chini ambao alama zao za sekondari hazikutosha kuwaingiza kwa njia ya kawaida. Huwapa pesa, lakini kabla ya pesa huwapa mtu. Mshauri aliyepangiwa mwanafunzi huyo, masomo ya ziada, mara nyingi kipindi cha maandalizi wakati wa likizo kabla chuo hakijafunguliwa. Wale watu waligundua kwamba mtoto wa maskini hukwama pia kwa kutokujua nani wa kumwuliza, hata akiwa na pesa. Kwetu mshauri huyo hayupo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Kazi yake hufanywa na mwalimu mmoja mwenye moyo, dada aliyeko chuo, au katibu wa parokia mwenye kompyuta.

Sitaki kusubiri bajeti. Upare tuna kata zenye wasomi wengi waliotawanyika nchi nzima, wanaorudi Desemba kula sikukuu. Desemba hii, badala ya kikao cha kuchangia harusi pekee, kila kata iteue watu wawili waliowahi kuomba mkopo na kufanikiwa, wakae siku moja shuleni na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha sita, wazifungue bahasha za vyeti na kulinganisha majina herufi kwa herufi. Na ofisi ya usajili nayo ipande mlimani angalau mara moja kwa mwaka na mihuri yake, ikae Mamba, ikae Vudee, ikae Chome, kuliko kusubiri mama mwenye mtoto mgongoni ashuke.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha sita, kesho asubuhi toa cheti chake cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, viweke mezani pamoja, usome majina kwa sauti. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, wiki hii hii nenda kwa wakili. Na kama baba yake au mama yake ni marehemu na kifo hakijasajiliwa, anzia hapo.